Muuaji Harithi: Somo la Wasia, Mirathi na Hukumu za Jinai

  



Muhula huu, baada ya darsa la faraidhi, dada mmoja anayesoma sheria aliniuliza: "Aliyemuua mzazi wake akipunguziwa adhabu na mahakama, haki yake ya mirathi inarudi?" Ni swali zuri, na halijibiwi kwa neno moja. Linatutaka tujue kwanza mali ya maiti inagawanywa vipi, kisha nani anazuiwa kurithi na kwa sababu gani, kisha mahakama za nchi zetu zimesema nini. Nitajaribu kulijibu kwa mpangilio huo.

1. Haki nne juu ya mali ya marehemu

Mtu akifa, mali yake haiendi moja kwa moja kwa warithi. Kwanza zitolewe gharama za kumwosha, kumkafini na kumzika. Pili yalipwe madeni. Tatu utekelezwe wasia, usiozidi theluthi ya kilichobaki. Nne ndipo warithi wagawane. Katika Suratun Nisaa, aya ya 11 na ya 12, Mwenyezi Mungu anataja mafungu ya warithi huku akikariri kwamba ni baada ya wasia na deni.

Theluthi imetoka katika hadithi ya Sa'd bin Abi Waqqas (R.A.), ambaye alitaka kutoa sadaka sehemu kubwa ya mali yake akiwa mgonjwa. Mtume (S.A.W.) alimruhusu theluthi tu, na akamwambia hata hiyo ni nyingi. Tena wasia hauandikwi kwa mtu ambaye tayari ni mrithi, ila warithi wengine wakiridhia.

Tuchukue mfano. Mzee ameacha shilingi milioni 60. Mazishi yametumia milioni 2, madeni ni milioni 4. Zimebaki milioni 54. Aliusia theluthi kwa madrasa, yaani milioni 18. Zimebaki milioni 36. Warithi ni mke, mama, wana wawili wa kiume na binti mmoja. Mke anapata thumuni, milioni 4.5. Mama anapata sudusi, milioni 6. Zinazobaki, milioni 25.5, ni za watoto, wa kiume mafungu mawili na wa kike moja: kila mwana milioni 10.2 na binti milioni 5.1. Ushike mfano huu, tutaurudia.

2. Kwa nini wasia uandikwe

Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, ibara ya 129, inataja mahakama za kadhi kwa ndoa, talaka, mirathi na ulezi, lakini kwa namna Bunge litakavyoweka kwa sheria. Familia nyingi za Kiislamu hugawana kwa faraidhi kwa kukubaliana tu. Makubaliano yakivunjika na marehemu hakuacha wasia, anayelalamika anaweza kwenda kudai kanuni ya sheria ya nchi.

Kanuni hiyo, baada ya marekebisho ya Sheria ya Mirathi ya mwaka 2022, inawapa watoto asilimia 75, mwenza aliyebaki asilimia 20, ndugu na jamaa waliokuwa wakimtegemea marehemu asilimia 4, na mrithi wa kimila asilimia 1. Nyumba ya makazi ya familia ina utaratibu wake. Sasa mtazame mama wa yule mzee. Kama hapakuwa na wasia wowote, faraidhi inampa sudusi ya milioni 54, yaani milioni 9. Kwa kanuni ya asilimia, mama huingia katika lile fungu la asilimia 4, ambalo hapa ni milioni 2.16, tena iwe alikuwa akimtegemea mwanawe, na agawane na wengine wa aina yake.

Kwa hiyo karatasi ya wasia kwa Mwislamu wa hapa ina kazi mbili. Inataja theluthi iende wapi, na inatamka kwamba kinachobaki kigawanywe kwa warithi kwa mujibu wa sharia ya Kiislamu.

3. Hukumu ya Sayyidna Umar

Mirathi ina vizuizi. Kimoja ni kuua. Imepokewa kwa Mtume (S.A.W.) kwamba muuaji hapati kitu katika mirathi ya aliyemuua.

Imam Malik amesimulia katika Muwatta kisa cha mtu wa kabila la Mudlij, jina lake Qatada, aliyemrushia mwanawe upanga ukampiga mguuni, akavuja damu mpaka akafa. Kesi ikafika kwa Umar bin Al-Khattab (R.A.). Umar akatoza dia ya ngamia 100, kisha akamwita ndugu wa marehemu akamkabidhi wote. Baba hakupewa hata mmoja, ingawa kwa kawaida baba ni mrithi. Hukumu ya damu na hukumu ya mali zilitoka katika baraza moja.

Hekima yake iko wazi. Lau muuaji angerithi, kila mwenye haraka ya mali angekuwa na sababu ya kumharakisha mzazi wake kaburini.

4. Maimamu wametofautiana wapi

Wameafikiana kwamba anayeua kwa makusudi na kwa dhuluma harithi. Khitilafu iko katika aina nyingine za kuua.

Shafi, madhehebu ya wengi wetu hapa, wanamzuia kila aliyeua, hata kwa bahati mbaya, hata akiwa mtoto au mwendawazimu. Wanafunga mlango wote. Maliki wanasema aliyeua kwa bahati mbaya anarithi mali, lakini harithi kitu katika dia. Hanafi wanaangalia uuaji unaoleta kisasi au kafara. Aliyekuwa sababu ya mbali, kama aliyechimba shimo mtu akatumbukia, hazuiwi, wala mtoto na mwendawazimu. Hanbali wanamzuia kila aliyeua bila haki, akapaswa na kisasi, dia au kafara.

Haya si mambo ya vitabuni tu. Kijana anampakia baba yake kwenye pikipiki, wanapata ajali kwa uzembe wake, baba anafariki. Kwa Shafi hana mirathi. Kwa Maliki anarithi, isipokuwa dia. Misri, katika Sheria ya Mirathi namba 77 ya mwaka 1943, walichagua kuzuia kwa kuua kwa makusudi, na wakamjumuisha mshirika wa muuaji pamoja na shahidi wa uongo ambaye ushahidi wake ulisababisha mtu ahukumiwe kifo na kunyongwa.

Turudi kwenye mfano. Tuseme mmoja wa wale wana wawili ndiye aliyemuua mzee. Anahesabiwa kama hayupo. Mke anabaki na milioni 4.5 na mama milioni 6. Milioni 25.5 zinagawanywa mafungu matatu: mwana aliyebaki milioni 17, binti milioni 8.5. Na kama muuaji ndiye angekuwa mwana pekee wa kiume, naye ana mtoto wa kiume, mjukuu huyo angerithi kwa babu yake. Dhambi ya baba haimnyimi mtoto.

5. Mahakama zikipunguza adhabu

Sasa tufike kwenye swali la dada yetu. Tarehe 21 Januari 2009, Mahakama ya Juu ya Uganda, katika kesi ya Susan Kigula na wenzake 417, iliamua kwamba kumlazimisha jaji atoe adhabu ya kifo bila kusikiliza mazingira ya mshtakiwa kunapingana na Katiba. Adhabu ya kifo yenyewe haikufutwa. Wenzetu wa Kenya walifika hapo tarehe 14 Desemba 2017 katika kesi ya Francis Karioko Muruatetu, na mwezi Julai 2021 Mahakama yao ya Juu ikafafanua kwamba uamuzi ule unahusu makosa ya kuua kwa kukusudia peke yake.

Baada ya hukumu hizi, waliokuwa wamehukumiwa kifo walirudishwa mbele ya majaji wapangiwe adhabu upya, na wapo waliopata vifungo vya miaka. Mtu akimaliza kifungo anatoka, na huenda akakuta shamba la baba yake halijagawanywa.

Jibu ni kwamba mirathi hairudi. Kilichopunguzwa ni adhabu. Hatia ya kuua iko pale pale, na kizuizi cha mirathi kinashikana na tendo la kuua, si na idadi ya miaka ya jela. Sheria ya Mirathi ya Kenya, kifungu cha 96, inasema jambo linalokaribia sana fiqhi: aliyeua kwa kukusudia akiwa na akili timamu hapati fungu, warithi wanahesabiwa kana kwamba yeye alitangulia kufa, na kutiwa hatiani katika kesi ya jinai ni ushahidi wa kutosha. Mali ya Mwislamu kule inagawanywa kwa sharia ya Kiislamu, lakini utaona njia zote mbili zimefika mahali pamoja.

Ni jambo jingine kabisa rufaa ikifuta hatia yenyewe na kusema huyu hakuua. Hapo hakuna muuaji, na haki yake ipo. Kwa hiyo tusimnyime mtu kwa tuhuma za kijijini. Fungu lake liwekwe kando mpaka hukumu itoke.

6. Kosa lililo karibu nasi zaidi

Kuua mrithiwa ni nadra, alhamdulillah. Linalotokea kila siku ni kushika mali ya maiti bila idhini: kuuza ng'ombe kabla ya arobaini, kubadili hati ya kiwanja, kutoa pesa kwenye simu ya marehemu kwa sababu unajua namba yake ya siri. Sheria ya Uganda inalihesabu kuwa kosa la jinai. Kenya, kifungu cha 45 cha sheria yao, adhabu ni faini isiyozidi shilingi 10,000, au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Na mbele ya Allah, kama kuna yatima, aya ya 10 ya Suratun Nisaa inatisha kuliko jela yoyote.

7. Mwanafunzi aandike nini

Usiseme huna mali. Una simu, kompyuta, na pengine deni la ada. Mweka hazina wa jumuiya huenda ana michango ya wanafunzi wote kwenye simu yake. Akifa leo bila maandishi, familia itaihesabu kuwa mirathi, na amana ya watu itapotea. Katika hadithi ya Ibn Umar (R.A.), Mtume (S.A.W.) amekataza Mwislamu mwenye jambo la kuusia alale hata siku mbili bila wasia wake kuandikwa.

Andika haya: madeni unayodaiwa na unayodai, na majina ya wahusika, amana za watu na mahali zilipo, theluthi yako, kama unataka kuusia, tamko kwamba kinachobaki kigawanywe kwa faraidhi, na jina la msimamizi unayemwamini. Usiandike namba za siri. Tia saini mbele ya mashahidi wawili watu wazima ambao hawapati kitu katika wasia huo, nao watie saini. Mweleze msimamizi karatasi iko wapi. Kama una ardhi au biashara, muone imamu na wakili kabla hujasaini.

Maswali ya halaka

1. Gawanya milioni 36 za mfano wetu ikiwa marehemu hakuwa na mama.
2. Mke amesababisha kifo cha mumewe kwa ajali ya gari. Kila madhehebu inasemaje?
3. Kuna tofauti gani kati ya kupunguziwa adhabu na kufutiwa hatia, na kila moja inabadili nini katika mirathi?

Allah atujaalie tuwe wenye kutekeleza amana na kuwapa wenye haki haki zao. Wabillahi tawfiq.