Ngeli ndani ya kitufe: kuandika ujumbe wa mchezo wa mtandaoni kwa Kiswahili

Wachezaji wanne wasiojua lugha moja watasaidianaje ndani ya mchezo mmoja? Mwaka 2000 kampuni ya Sega ya Japani ilijibu swali hilo katika Phantasy Star Online. Mchezo ulikuwa na orodha ya maneno na sentensi zilizo tayari: Mjapani alichagua sentensi kwa Kijapani, na wenzake wakaisoma kwa Kiingereza, Kifaransa, Kijerumani au Kihispania.

Mwaka 2019 mchezo wa Apex Legends ulikwenda mbali zaidi. Mchezaji hulenga kitu, hubonyeza kitufe, na mchezo wenyewe hutamka sentensi inayokifaa kitu hicho. Mwenzake naye anaweza kubonyeza ili kujibu kwamba anakitaka. Kwa mwanaisimu, hapa hatuna maneno tu; tuna jozi ya usemi, yaani tangazo na jibu lake.

Tuseme sasa tumepewa kazi ya kuunda upya mfumo kama huo kwa Kiswahili. Mtu wa kompyuta atapenda sentensi moja yenye pengo, ambamo jina la kitu litaingizwa: «___ iko hapa». Tujaribu:

Bunduki iko hapa.
Kisu kiko hapa.
Gari liko hapa.
Risasi ziko hapa.
Adui yuko hapa.

Majina matano, vitenzi vitano. Pengo si tupu: kila jina linaloingia linabadilisha neno linalolifuata. Kwa hiyo orodha ya vitu isihifadhi jina peke yake. Kila jina liandikwe pamoja na ngeli yake, na sentensi ichukue kiambishi kutoka hapo.

Wengine watasema tukwepe tatizo kwa kuandika «Naona kisu», «Naona gari». Kwa tangazo, njia hiyo inafaa. Lakini jibu linaturudisha palepale: nakichukua, nalichukua, naichukua, nazichukua. Jina halikutajwa, ila ngeli yake imevuka kutoka kinywa cha msemaji wa kwanza hadi cha wa pili. Na hapo ngeli inatusaidia. Kisu na gari vikiwa vimetangazwa pamoja, anayesema «nakichukua» ameeleweka mara moja. Kwa Kifaransa, jibu «je le prends» lisingetenganisha kisu na lori, maana yote mawili ni ya kiume.

Linabaki swali ambalo kwetu Lubumbashi haliepukiki: Kiswahili kipi? Mtaani «kisu iko hapa» haimshangazi mtu. Sentensi ambayo mwalimu wa Kiswahili sanifu angeiita kosa la programu, mchezaji wa hapa angeisikia kama usemi wa kila siku. Je, tuandike «iko» kila mahali na kumaliza kazi? Hapana. Watu wakiwa wengi tunasema «beko», na wingi wa kintu ni bintu. Usemi wetu una upatanisho wake. Una kanuni chache kuliko Kiswahili sanifu, lakini haukukosa kanuni. Anayeujazia «iko» kila pengo kwa kudhani kwamba hauna sarufi atakosea Kiswahili sanifu na chetu pia.

Pendekezo langu ni kuweka safu nne kwa kila kitu: jina, ngeli, tangazo, jibu. Kisha safu hizo zijazwe mara mbili, kwa Kiswahili sanifu na kwa Kiswahili cha Lubumbashi, na mchezaji achague. Tusikubali kupewa safu moja iliyotafsiriwa neno kwa neno kutoka Kiingereza.

Zoezi. Chukua majina haya: dawa, maji, mlango, kofia, ukuta. Andika tangazo na jibu la kila moja kwa Kiswahili sanifu, halafu kama unavyosema nyumbani. Weka alama mahali kiambishi kinapobadilika katika orodha moja na kubaki vilevile katika nyingine. Alama hizo ndizo sarufi ambayo mfumo wetu unapaswa kuijua.