SOMO LA MAZINGIRA: NG'OMBE, NYUMBU NA BINADAMU MPAKANI MWA SERENGETI

Mkazi wa kisiwani hahitaji kufundishwa kwamba binadamu na ardhi yake hubadilishana sura. Mikoko ikikatwa, au mnyama mgeni akishushwa kutoka jahazini, athari huonekana upesi. Huko bara upana wa nchi huificha hali hiyo. Hata hivyo, katika Wilaya za Tarime na Serengeti, Mkoa wa Mara, mashamba na malisho yamefika hadi mpaka wa Hifadhi ya Taifa ya Serengeti kama maji yafikavyo ufukweni. Hifadhi hiyo, kwa upande huo, imekuwa mithili ya kisiwa.

Wageni wengi hudhani kwamba nyika ile haijapata kuguswa na mkono wa mtu. Dhana hiyo si sahihi. Wakurya, Wangoreme, Waikoma na Wanata walilima, walifuga, waliwinda na kuchoma nyasi katika nchi hiyo na kandokando yake kabla Hifadhi haijaanzishwa mwaka 1951.

Mnamo mwaka 1890 hivi iliingia sotoka, ugonjwa ulioletwa Afrika ya Kaskazini-Mashariki pamoja na ng'ombe wa kigeni. Katika sehemu nyingi ng'ombe walikufa karibu wote. Nyati na nyumbu hawakusalimika. Njaa na ndui zikafuata. Msafiri Oscar Baumann, raia wa Austria, aliyepita pande za Ngorongoro mwaka 1892, aliwakuta Wamasai wamedhoofu kwa njaa. Palipokosekana mifugo na jembe, vichaka viliota, mbung'o wakaenea, na waliosalia wakazidi kuhama kwa kuhofia malale. Kwa hiyo sehemu ya kile kinachoitwa pori la asili ni mahame ya watu.

Badiliko la pili lilianzia zizini. Katika miaka ya 1950 ng'ombe wanaoizunguka Hifadhi walianza kuchanjwa dhidi ya sotoka. Nyumbu hawakuchanjwa hata mmoja, lakini mapema katika miaka ya 1960 ugonjwa ulitoweka miongoni mwao, kwa kuwa chanzo chake kilikuwa mifugo. Nyumbu wapatao 250,000 waliohesabiwa mwaka 1961 walifikia takriban 1,300,000 mwaka 1977. Makundi hayo yalikula nyasi nyingi mno hata moto ukakosa cha kuunguza, na miche ya miti ikapata nafasi ya kukua. Mwaka 2011 sotoka ilitangazwa kuwa imetokomezwa duniani kote.

Ni haki kukumbusha kwamba wafugaji waliopeleka ng'ombe wao kuchanjwa walichangia utajiri huo wa wanyama, ingawa mara chache hutajwa. Isitoshe, wengine walipoteza ardhi: eneo la Lamai, kaskazini mwa Mto Mara, liliingizwa katika Hifadhi katika miaka ya 1960, na mwaka 1994 yakatangazwa Mapori ya Akiba ya Ikorongo na Grumeti.

Mwaka huohuo wa 1994 homa ya mbwa iliua takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti. Wataalamu walihusisha ugonjwa huo na mbwa wa vijiji vinavyoizunguka Hifadhi. Baadaye chanjo za mbwa zilipelekwa katika vijiji hivyo, ikiwemo ile ya kichaa cha mbwa, ugonjwa unaomuua mtoto aliyeumwa njiani kwenda shule kama unavyomuua mbwa mwitu porini.