Somo la 12: Chura wa Kihansi



Ukifika Dar es Salaam, nenda Feri, penye soko la samaki na pantoni ya kwenda Kigamboni. Asubuhi utakuta mnada. Muuzaji hasemi tu, "Nauza samaki." Husema: huyu ni changu, huyu ni kolekole, huyu ni nguru. Mvuvi huwatofautisha kwa mdomo, mapezi, magamba na rangi. Anazijua aina.

Vyura pia wana aina nyingi. Wengi wetu humwita kila chura "chura" tu, basi. Lakini wako wataalamu wanaowatofautisha vyura kama mvuvi anavyowatofautisha samaki. Leo tutasoma habari za chura mmoja aliyejulikana kwa wataalamu mwaka 1996 tu.

Mahali alipopatikana

Katika milima ya Udzungwa kuna mto uitwao Kihansi. Mto huo hushuka kwa nguvu katika korongo lenye msitu. Zamani maji yalipoanguka yalirusha manyunyu mchana na usiku. Majani, mawe na kuvumwani vililowa daima. Hapo ndipo alipoishi chura huyu, katika eneo la kama hekta mbili tu. Hakuna mahali pengine duniani alipopatikana.

Wakati huo Serikali ilikuwa inajenga bwawa na kituo cha umeme hapo Kihansi. Wataalamu walikwenda kuchunguza mimea na wanyama wa korongo. Ndipo walipomkuta chura mdogo wa rangi ya manjano, asiyefika sentimita 3.

Aina mpya huthibitishwaje?

Kumwona mnyama mgeni hakutoshi. Kazi hufanywa hivi:

1. Wataalamu huchukua vyura wachache na kuandika mahali na tarehe.
2. Huwapima: urefu wa mwili, miguu, vidole na kichwa. Hutazama ngozi na masikio.
3. Huwalinganisha na vyura wengine waliohifadhiwa katika makumbusho, na maelezo yaliyoandikwa zamani.
4. Wakiona ni tofauti kweli, humpa jina na kuchapisha maelezo yake, ili wataalamu wengine wayasome na kuyapima.

Chura wa Kihansi alikuwa na tofauti zake. Hana kiwambo cha sikio kinachoonekana kwa nje. Tena, hatagi mayai majini kama vyura wengi. Jike huzaa watoto walio vyura kamili, bila kupita hali ya kiluwiluwi. Ngozi ya tumbo lake ni nyembamba, hata watoto huweza kuonekana kabla ya kuzaliwa.

Maelezo yake yalichapishwa mwaka 1999. Mmoja wa walioyaandika ni Kim Howell wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Jina la kitaalamu la chura huyu huishia na neno asperginis, litokanalo na neno la Kilatini lenye maana ya manyunyu.

Umeme na chura

Kituo cha Kihansi kilizinduliwa mwaka 2000. Kina uwezo wa megawati 180. Umeme wake huingia katika gridi ya Taifa pamoja na umeme wa vituo vingine. Taa za Feri, majokofu ya samaki na mashine za kushona za Kariakoo hutumia umeme wa gridi hiyo.

Lakini maji yaliyokwenda kwenye mitambo yalikuwa ndiyo maji ya maporomoko. Sehemu kubwa ya maji iliondolewa, na manyunyu yakapungua sana. Chura hunywa maji na kuvuta hewa kwa ngozi yake. Ngozi ikikauka, hufa.

Watu waliulizana: Je, tuchague umeme au chura? Hospitali, shule na viwanda vinahitaji umeme. Lakini bwawa likiharibika huweza kujengwa tena. Aina ya mnyama ikikwisha, hakuna fundi wa kuitengeneza.

Basi mambo mawili yalifanywa. Kwanza, mabomba ya kunyunyizia maji yaliwekwa korongoni. Pili, mwaka 2000 vyura 499 walipelekwa katika bustani ya wanyama ya Bronx, mjini New York, Marekani, wakatunzwe na kuzaana.

Mwaka 2003 vyura wa korongoni walianza kufa kwa wingi. Ugonjwa wa kuvu inayoshika ngozi za vyura ulionekana. Kuvu hiyo huweza kubebwa hata na tope la viatu. Mwaka 2009 ilitangazwa kuwa chura wa Kihansi ametoweka porini.

Lakini wale wa Marekani walikuwa wamezaana. Mwaka 2010 vyura 100 walirudishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 2012 kazi ya kuwarejesha korongoni ilianza. Ni kazi ya miaka mingi, inayohitaji uangalifu mkubwa.

Tunajifunza nini?

Chura huyu alikuwapo Kihansi miaka mingi kabla ya 1996. Hakuumbwa siku alipoandikwa. Lakini kabla ya kuandikwa, hakuna aliyeweza kumtetea. Kama uchunguzi ungechelewa miaka michache, angekwisha bila mtu kujua kwamba amekwisha.

Katika kijiji chako pia kuna wanyama, miti na chemchemi zinazojulikana na wazee tu. Sasa unajua kuandika. Ziandike.

Maneno mapya

Korongo: bonde jembamba lenye kingo kali.
Kuvumwani: mimea midogo laini iotayo kwenye mawe na miti yenye unyevu.
Manyunyu: matone madogo ya maji yanayorushwa hewani.
Kiluwiluwi: mtoto wa chura mwenye mkia, anayeishi majini.

Maswali ya kujadili darasani

1. Kwa nini chura huyu alihitaji manyunyu?
2. Taja hatua nne za kuthibitisha aina mpya.
3. Kama ungekuwa mwamuzi mwaka 2000, ungeyagawaje maji ya Kihansi? Toa sababu.
4. Taja mnyama au mti mmoja wa kijijini kwako. Andika jina lake, mahali alipo au ulipo, na alama tatu za kumtambua au kuutambua.