Jibu Limetoka Wapi? Akili Unde na Mwanafunzi wa Katekisimu

Mkatekumeni anaandika swali kwenye simu yake: je, mtu asiye padre anaweza kubatiza? Hata hajaiweka simu chini, programu ya akili unde, ambayo wengine huiita akili mnemba, imekwisha kumjibu kwa Kiswahili safi. Ndiyo, katika hatari ya kufa mtu yeyote anaweza kubatiza, hata ambaye mwenyewe hakubatizwa, mradi akusudie kufanya lile linalofanywa na Kanisa, atumie maji na ataje Baba, Mwana na Roho Mtakatifu. Jibu ni sahihi. Katekisimu ya Kanisa Katoliki inafundisha hivyo katika namba 1256. Lakini kama programu hiyo ni ya kawaida, isiyounganishwa na maktaba yoyote, haikufungua Katekisimu wala haikusoma namba 1256. Basi jibu limetoka wapi? Anayetaka kujifunza imani kwa msaada wa chombo hiki inafaa alielewe hilo kwanza, kwa sababu majibu yake mazuri na makosa yake yote yana asili moja.

Kubashiri kinachofuata

Tuanze na jambo dogo. Mtu akisema "haba na haba hujaza" kisha akanyamaza, wewe unamalizia "kibaba" bila kufikiri. Akisema "mama amekwenda sokoni kununua", hapo maneno mengi yanafaa: nyanya, samaki, sukari, mkaa. Mengine unayatarajia sana, mengine kidogo, na mengine, kama "mawingu", huyatarajii kabisa. Ukiweza kulipa kila neno alama ya jinsi linavyotarajiwa, umepata kanuni ya msingi ya programu hizi.

Wazo lenyewe si geni. Mwaka 1913 mwanahisabati Mrusi, Andrei Markov, alihesabu herufi 20,000 za utenzi wa Pushkin, akaonyesha kwamba kuja kwa irabu au konsonanti kunategemea herufi iliyotangulia. Mwaka 1951 Claude Shannon, aliyefanya kazi katika maabara za Bell huko Marekani, aliwapa watu maandishi ya Kiingereza wabashiri herufi moja baada ya nyingine, akatumia makisio yao kupima ni kiasi gani cha lugha kinaweza kutabirika. Alikuta ni kikubwa.

Programu ya leo hufanya kazi hiyohiyo kwa kipimo kikubwa mno. Kwanza huyakata maandishi katika vipande vidogo viitwavyo tokeni: pengine neno zima, pengine sehemu ya neno. Kitenzi cha Kiswahili kama "hatutawabatiza" huweza kukatwa vipande kadhaa. Kila kipande hugeuzwa kuwa orodha ya namba, kwa kuwa kompyuta haijui kingine ila namba. Katika GPT-3, programu iliyotolewa na kampuni ya OpenAI mwaka 2020, kila kipande kilikuwa na orodha ya namba 12,288. Vipande vinavyotokea katika mazingira yanayofanana huishia kuwa na orodha zinazokaribiana, hivyo "padre" huwa karibu na "askofu" na "misa" kuliko na "spana".

Namba hizo hupatikanaje? Kwa mazoezi. Programu huonyeshwa maandishi yaliyokatizwa, ikabashiri kipande kinachofuata, kisha kosa lake likapimwa na namba zake za ndani zikasogezwa kidogo ili safari ijayo kosa lipungue. Zoezi hilo hurudiwa juu ya mabilioni ya maneno. GPT-3 ilikuwa na namba bilioni 175 za kusogeza. Mwaka 2017 watafiti wa Google walichapisha muundo uitwao transfoma, ambao huiwezesha programu kupima ni maneno gani ya nyuma yana uzito katika kubashiri linalokuja. Kwa njia hiyo "maji" yaliyotanguliwa na "ubatizo" hayachukuliwi sawa na "maji" yaliyotanguliwa na "bomba".

Hapa ndipo penye kiini cha somo. Mazoezi yakiisha, vitabu havibaki ndani. Zinabaki namba tu. Sentensi iliyorudiwa mara nyingi kwenye intaneti, kama sala inayojulikana na wote, inaweza kutoka neno kwa neno. Iliyoonekana mara chache huacha mwelekeo tu: mtindo wake, msamiati wake, umbo lake. Jibu juu ya ubatizo wa dharura lilikuwa sahihi kwa sababu fundisho hilo limeandikwa mara nyingi na kwa namna moja. Neno linalotarajiwa na neno la kweli yalikutana. Hayakutani kila mara.

Pale yanapoachana

Mahali pa kwanza ni pale wingi unapochukua nafasi ya mamlaka. Uliza Biblia ina vitabu vingapi. Kwa Mkatoliki ni 73, kama Mtaguso wa Trento ulivyothibitisha tarehe 8 Aprili 1546. Kwa Waprotestanti ni 66, bila Tobiti, Yudithi, Hekima, Yoshua bin Sira, Baruku na vitabu viwili vya Wamakabayo. Maandishi yanayotaja 66 ni mengi sana, na programu iliyolelewa na maandishi hayo inaweza kujibu 66 bila kusema ni kwa mapokeo yapi. Haikudanganya. Imetoa kilichotarajiwa. Kwa msomaji wa Kiswahili hatari hii ni kubwa zaidi, kwa kuwa chakula cha programu hizi kimekuwa hasa Kiingereza. Katika GPT-3 zaidi ya asilimia 90 ya maneno ya mafunzo yalikuwa ya lugha hiyo, na Kiswahili kilipata punje. Maandishi ya Kikatoliki ya Kiswahili ni sehemu ndogo ya punje hizo.

Mahali pa pili ni wakati. Katekisimu ilitolewa mwaka 1992, na toleo rasmi la Kilatini likafuata mwaka 1997. Namba 2267 iliruhusu adhabu ya kifo katika hali finyu. Agosti 2018 Papa Fransisko aliagiza namba hiyo iandikwe upya, nayo sasa inafundisha kwamba adhabu hiyo haikubaliki. Lakini maneno ya zamani yalikuwa yamekwisha kunakiliwa kwa zaidi ya miaka 20 katika vitabu, makala na mijadala, na nakala hizo hazikufutika siku ile agizo lilipotoka. Programu haina kalenda ya kuiambia ni maandishi gani yametenguliwa. Inaweza kuyachanganya ya zamani na mapya katika aya moja, na aya hiyo ikasomeka vizuri.

Mahali pa tatu ni marejeo. Umbo la rejeo la Katekisimu ni rahisi kubashiri: herufi KKK, kisha tarakimu chache. Tarakimu zenyewe ni ngumu, kwa sababu kati ya namba moja na nyingine hakuna mtiririko wa lugha unaosaidia kubahatisha. Ndiyo maana programu inaweza kulieleza fundisho sawasawa, kisha ikalipachika namba isiyohusika, au sentensi ambayo mtakatifu fulani hakuisema kamwe.

Mahali pa nne ni muulizaji mwenyewe. Swali lako ni sehemu ya maandishi ambayo programu inayaendeleza, kwa hiyo kila neno uliloweka linavuta jibu upande wake. Zaidi ya hayo, baada ya mazoezi ya kwanza watu huajiriwa kuyalinganisha majibu na kuchagua yanayofaa, na programu hurekebishwa ielekee kwenye yale yanayopendwa. Mazoezi hayo huifanya iwe na adabu na msaada. Huifanya pia ielekee kukubali.

Kwa mfano, Aprili 2024 Catholic Answers, taasisi ya kutetea imani yenye makao California, ilizindua mhusika wa akili unde aliyeitwa Father Justin na kuvalishwa kola ya padre. Watumiaji walipomhoji alidai kuwa ni padre wa kweli, na alipoulizwa kama mtoto anaweza kubatizwa kwa Gatorade, kinywaji cha wanamichezo, alikubali. Sheria ya Kanisa, kanuni 849, inataka maji ya kweli. Baada ya siku chache taasisi ilimwondolea mhusika huyo kola na cheo cha upadre, akabaki Justin tu. Walioanzisha mradi huo walikuwa Wakatoliki wenye nia njema na wenye kuijua imani yao. Nia njema yao haikubadili namna chombo kinavyofanya kazi.

Mjesuiti na kadi zake

Kompyuta inaweza kuyashughulikia maneno kwa njia nyingine kabisa, na njia hiyo Kanisa lilishiriki kuizaa. Padre Roberto Busa, Mjesuiti wa Italia, alipokuwa akiandika tasnifu juu ya Mtakatifu Thoma wa Akwino, aliandika kwa mkono kadi zipatazo 10,000 za sentensi zenye kihusishi kimoja kidogo cha Kilatini. Aliona wazi kwamba kazi ya namna hiyo kwa maneno yote ya mwalimu huyo ingemshinda. Mwaka 1949 alikwenda New York kumwona Thomas J. Watson, mkuu wa IBM, akapata msaada wa mashine. Matunda yake ni Index Thomisticus, faharasa ya maneno takriban milioni 11, iliyochapishwa katika majuzuu 56 kati ya mwaka 1974 na 1980. Busa huhesabiwa miongoni mwa waasisi wa matumizi ya kompyuta katika taaluma za lugha na fasihi.

Angalia mashine ya Busa ilichofanya. Haikutunga sentensi hata moja. Ilionyesha mahali: neno hili liko katika kitabu hiki, swali hili, makala hii. Aliyetaka maana alikwenda mahali hapo akasoma mwenyewe. Programu ya kuzungumza hufanya kinyume: inatunga sentensi nzuri na mahali haipajui.

Siku hizi kuna jaribio la kuziunganisha njia hizo mbili. Swali lako hugeuzwa kuwa orodha ya namba, orodha hiyo ikalinganishwa na zile za aya zilizohifadhiwa katika maktaba maalumu, zinazokaribiana zaidi zikachukuliwa, kisha programu ikaambiwa itunge jibu kutokana na aya hizo na kuzitaja. Magisterium AI, iliyotolewa na kampuni ya Longbeard mwaka 2023, hufanya hivyo kwa hati za Kanisa. Haya ni maendeleo ya kweli, kwa sababu sasa jibu lina anwani. Ila anayetunga bado ni yuleyule mbashiri. Anaweza kuletewa aya isiyo sahihi, au akaletewa sahihi na kuifupisha vibaya.

Namna ya kumtumia mbashiri huyu

Mwombe anwani kabla ya hukumu. Badala ya kuuliza "toharani ni nini?", uliza "Katekisimu inazungumzia toharani katika namba zipi?", kisha fungua kitabu. Utaikuta katika namba 1030 hadi 1032.

Iweke kichwani ramani ya Katekisimu. Namba zinaanzia 1 na kuishia 2865, kwa hiyo ukipewa namba 3012 tupa bila kupepesa macho. Ukitoa utangulizi, sehemu ya kwanza, juu ya Kanuni ya Imani, inaanzia 26 hadi 1065. Ya pili, juu ya liturujia na sakramenti, ni 1066 hadi 1690. Ya tatu, juu ya maisha katika Kristo na Amri za Mungu, ni 1691 hadi 2557. Ya nne, juu ya sala, inamalizia. Ukiuliza juu ya Ekaristi ukapewa namba ya sehemu ya tatu, shuku, kwa kuwa Ekaristi inafundishwa katika 1322 hadi 1419.

Uliza bila kuegemea upande. "Je, si kweli kwamba Kanisa linaruhusu jambo hili?" ni swali linaloomba kukubaliwa. Litaje jambo lenyewe, uliza Kanisa linafundisha nini, na kwa hati ya mwaka gani. Uliza pia kama fundisho au sheria hiyo imewahi kurekebishwa.

Kuna mambo ambayo hata jibu sahihi kabisa haliyafikii. Kanuni 965 inasema mhudumu wa sakramenti ya Kitubio ni padre peke yake, na kanuni 983 inailinda siri ya maungamo. Unachokiandika kwenye programu husafiri hadi kwenye mitambo ya kampuni na huweza kuhifadhiwa huko, chini ya masharti ya kampuni. Dhambi zako usiziandike humo. Hati ya Vatican iitwayo Antiqua et nova, ya tarehe 28 Januari 2025, inaeleza kwamba akili unde ni zao la akili ya binadamu na isichukuliwe kuwa aina nyingine ya akili hiyo. Zao linaweza kukusaidia kusoma. Haliwezi kuwa mdhamini wako wa ubatizo, wala kukushuhudia mbele ya jumuiya.

Kwa hiyo itumie programu ikutafutie, ikufafanulie neno gumu, ikufupishie hati ndefu kabla hujaisoma, ikutungie maswali ya kujipima. Kisha kila jibu linalogusa imani lipeleke kwenye Katekisimu kabla hujaliamini, na likikutatiza mpelekee katekista wako. Jibu lisilo na anwani usilifundishe mtoto, wala usilisome kwenye jumuiya.