Kisu cha Mfukoni: Anza na Kinoo

Mtu akiniuliza anunue kisu gani cha kukunja cha kutembea nacho kila siku, nami humuuliza kama nyumbani ana kinoo. Kama hana, fedha ya kwanza iende kwenye kinoo, na itakayobaki ndiyo itafute kisu. Visu vingi ninavyoonyeshwa ni vizuri, vingine vya bei ya kutisha, lakini ni butu, na kisu butu ndicho kinachojeruhi watu. Makali yakikosekana unaongeza nguvu, ukiongeza nguvu bapa linateleza, na likiteleza linakutana na kidole. Kwa hiyo mambo yote ya chuma, unene na mpini mimi huyapima kwa swali moja: kisu hiki nitaweza kukinoa mwenyewe, barazani kwangu, kwa muda wa kunywa kikombe cha chai?

Naishi Tanga mjini na nina michungwa kidogo Muheza. Kisu changu kinafanya kazi za kawaida kabisa: kumenya machungwa, kukata kamba ya katani, kufungua mifuko ya mbolea na maboksi, kukata ncha ya mpira wa maji uliochanika. Kabla ya kuingia dukani, jiangalie kwa wiki moja. Kila unapotamani kuwa na kisu, kumbuka ulitaka kukata nini. Nadhani utaona kwamba karibu kazi zote zinamalizwa na bapa la sentimita 6 hadi 8 na ushei. Likiwa fupi zaidi, chungwa kubwa linakusumbua. Likiwa refu zaidi, umetia kisu cha jikoni mfukoni, na watu watakutazama hivyo.

Kazi moja naitoa kwenye orodha hiyo kwa makusudi, nayo ni kubebesha miche. Ukiwa mkulima wa machungwa, weka kisu cha pekee cha kubebeshea, chenye makali yaliyochongwa upande mmoja, na ukifute kwa spiriti kutoka mche hadi mche. Kisu kilichotoka kupasua boksi kina uchafu, na jeraha la mche halisamehe uchafu.

Unene wa bapa husahaulika sana, ilhali mimi nauweka mbele ya urefu. Visu vingi vya kisasa vilivyotengenezwa kwa sura ya kijeshi vina mgongo wa milimita 3 hadi 4. Vinapendeza kushika. Vijaribu kwenye muhogo mbichi: bapa likifika katikati, muhogo unapasuka badala ya kukatika, kwa sababu chuma kinene kinafanya kazi ya kabari. Bapa la milimita 2 au pungufu linapita bila kelele. Kweli, bapa jembamba halifai kubandulia mfuniko wa kopo la rangi, lakini hiyo ni kazi ya bisibisi.

Sasa chuma, na hapa sisi watu wa pwani tuna shida yetu. Chuma cha kaboni, kile chenye kaboni karibu asilimia 1 na kromi kidogo mno au hakuna, kinanoleka upesi na kupata makali kama ya wembe. Ninakipenda. Lakini hewa ya bahari ina chumvi, na maji ya chungwa yana asidi. Ukimenya chungwa usiku ukalaza kisu bila kukifuta, asubuhi utakuta madoa. Rangi ya kijivu au buluu nyeusi inayotokea baada ya kukata matunda haina ubaya, na ikishaenea bapani inasaidia kidogo kuzuia kutu. Adui ni ile kutu nyekundu. Inaanza kula pale chuma kilipo chembamba kuliko pote, yaani kwenye makali yenyewe, na kisu kinakuwa butu kikiwa kimekaa tu mfukoni.

Chuma kisichoshika kutu huhesabiwa hivyo kikiwa na kromi angalau asilimia 10.5. Kromi hiyo ikikutana na hewa hufanya utando mwembamba usioonekana, nao ndio unaolinda chuma. Anayeishi Tanga, Mtwara, Unguja, Mombasa au Lamu, ushauri wangu ni achukue kisichoshika kutu. Aliye Iringa au Arusha ana uhuru wa kuchagua. Hata hivyo kisichoshika kutu nacho kinahitaji kusuuzwa kwa maji baridi na kukaushwa baada ya kugusa samaki au maji ya bahari, kwa sababu chumvi ikikaa muda mrefu hutoboa ule utando.

Kuna chuma kinachoitwa D2, utakikuta kwenye visu vingi vya bei ya kati kutoka China. Kina kromi karibu asilimia 12, na muuzaji atakuambia hakishiki kutu. Pwani kinashika. Sababu ni kwamba kina kaboni karibu asilimia 1.5, na kaboni hiyo hukamatana na sehemu kubwa ya kromi kufanya chembe ngumu ndani ya chuma, hivyo kromi inayobaki huru kulinda uso si nyingi. Chembe hizohizo ndizo zinazofanya makali yake yadumu, na ndizo zitakazokuchosha kwenye kinoo.

Ugumu wa chuma cha kisu hutajwa kwa kipimo cha Rockwell. Visu vya Victorinox, ambavyo nitavieleza mbele, vipo karibu na 56, na vyuma vya bei kubwa hupita 60. Kadiri namba inavyopanda, makali hukaa zaidi, lakini kuyarudisha ni kazi, na bapa hukubali kumeguka kuliko kupinda. Nyuzi za katani hula makali kiasi kwamba hata wanaopima visu huko nje hutumia kamba hiyo kama mtihani. Mimi ninayeikata mara kwa mara ungetegemea nichague chuma kigumu kabisa. Nimechagua laini. Napendelea kunoa mara nyingi kwa dakika chache kuliko kunoa mara moja kwa jioni nzima, tena kwa jiwe la almasi ambalo bei yake inapita ya kisu.

Na kunoa si uchawi. Jiwe la pande mbili, upande wa kukwaruza na upande laini wa namba 1000 hivi, linatosha. Pembe ya digrii 20 kila upande unaipata hivi: simamisha bapa wima juu ya jiwe, lilaze nusu, kisha lilaze nusu tena. Umefika karibu na 22, na hapo panafaa. Sugua upande mmoja bila kubadilisha pembe mpaka upitishe kidole gumba kwa wepesi kutoka mgongoni kuelekea nje ya makali na usikie chuma kimejikunja upande wa pili, kiwimbi chembamba kama unywele. Hapo ndipo ugeuze, si kabla. Wengi hugeuza mapema, ndipo husema kinoo hakifanyi kazi. Malizia kwa misuguano myepesi ya kupokezana, halafu buruta bapa juu ya mshipi wa ngozi, mgongo ukitangulia. Ukiwa safarini, pindua kikombe cha kauri: ule mduara wa chini usiong'aa, ambao haukupakwa glezi, unarudisha makali yaliyolegea.

Fundi wa kunoa anayepita mtaani na baiskeli ni mtu wa kumheshimu. Panga na kisu cha bucha mpelekee yeye. Bapa dogo la kisu cha mfukoni usimpe. Jiwe likizunguka kwa kasi bila maji, makali membamba hupata moto haraka, na ukiona ukingo umegeuka buluu ujue ugumu wa chuma umeondoka hapo. Utanoa leo, kesho ni butu.

Tukija kwenye aina, nitataja tatu ninazozijua vizuri. Ya kwanza ni Victorinox. Karl Elsener alifungua karakana yake Ibach, Uswisi, mwaka 1884, na mwaka 1891 akaanza kulipatia jeshi la nchi yake visu. Visu vyake vingi havina kufuli: springi ya mgongoni inalikamata bapa likiwa wazi na likiwa limefungwa, basi. Kwa kazi za kila siku hilo linatosha, mradi usichome wala kuchokonoa kwa ncha, kwa sababu ukisukuma ncha kwenye kitu kigumu bapa linaweza kujikunja juu ya vidole. Modeli ya milimita 91 (huo ni urefu wa kisu kikiwa kimefungwa, si wa bapa) yenye mkasi ndiyo ninayoipendekeza kwa mtu anayenunua kisu chake cha kwanza. Mkasi wake peke yake una thamani ya nusu ya bei.

Ya pili ni Opinel, iliyoanzishwa na Joseph Opinel huko Savoie, Ufaransa, mwaka 1890. Namba 8 ina bapa la sentimita 8.5, jembamba, na kwa kumenya tunda sijashika kisu cha kukunja kinachoishinda. Pete ya chuma shingoni, iliyoongezwa mwaka 1955, ukiizungusha inafunga bapa. Tatizo lake huku kwetu ni mpini wa mti. Masika yakianza, mti unavimba na bapa linang'ang'ania ndani. Wenyeji wa Savoie hugonga mwisho wa mpini kwenye meza ili bapa lichomoze, nami nafanya hivyohivyo. Ukikichagua, chukua cha chuma kisichoshika kutu. Kuna cha kaboni pia, na kwa macho vinafanana.

Ya tatu ni Okapi. Ilianza kutengenezwa Solingen mwaka 1902 kwa ajili ya kuuzwa kwenye makoloni ya Kijerumani barani Afrika, wakati Tanga hii ikiwa chini ya utawala huohuo. Leo hutengenezwa Afrika Kusini. Ni ya bei ndogo, bapa la kaboni, mpini wa mti, na zile zenye kufuli zina pete mgongoni ya kuinulia kishikizo. Naiheshimu kama kisu cha shamba. Kwa mfuko wa suruali mjini naiona ni ndefu mno.

Dukani usione haya. Omba kisu, kishike, kifungue na kukifunga taratibu. Kikiwa kimefungwa, kielekeze kwenye mwanga: bapa likae katikati ya mashavu ya mpini, na ncha izame ndani kabisa, maana ncha iliyochomoza hata kidogo itakuchoma siku utakayoingiza mkono mfukoni bila kufikiri. Kishike mdomo ukielekea chini na ukitikise, bapa lisitoke. Kikiwa wazi, shika ncha kwa upande wa mgongo na ulisukume bapa kushoto na kulia. Likicheza sasa, baada ya mwaka litalegea. Kama kina kufuli, bonyeza mgongo wa bapa kwenye ukingo wa meza, vidole vikiwa nje ya njia yake. Kufuli isirudi nyuma hata unywele. Halafu soma maandishi kwenye shina la bapa. Nembo ya msalaba kwenye mpini inaigwa na kila mtu, lakini Victorinox halisi imeandikwa jina lake kwenye chuma. Mwisho, kifungue ukiwa na mkono wenye jasho. Springi nzito mno kwa kucha zako ni sababu tosha ya kukirudisha kwenye sanduku lake.

Jambo ambalo wengi wanaozungumzia visu hawaligusi ni majirani. Kisu cheusi chenye klipu inayoonekana mfukoni, kinachofunguka kwa kishindo, kwenye daladala kinasema jambo ambalo hukukusudia kulisema. Mimi huondoa klipu. Kisu hukaa mfuko wa kulia, peke yake, mbali na funguo na sarafu. Nikiwa mbele ya watu, hasa wazee, naomba ruhusa kabla ya kukifungua: "Mzee, nina kisu hapa, nikukatie?" Namkabidhi mtu kikiwa kimefungwa. Mpini wa mti au mwekundu unasaidia sana. Mama mkwe akikiona anaomba amenyewe chungwa, na hilo ndilo ninalolitaka.

Kwa mafuta, tone la mafuta ya cherehani kwenye bawaba linatosha. Bapani, kwa kuwa linagusa chakula, tumia parafini ya maji inayouzwa duka la dawa.

Safari nazo zina masharti. Kwenye ndege kisu kinakwenda kwenye mzigo unaokabidhiwa, kamwe si begi la mkononi. Unapoingia maduka makubwa ya Nairobi utapita kwa mlinzi mwenye kifaa cha kukagua vyuma, hivyo kiache nyumbani au kwenye gari. Na kama unamnunulia ndugu aliyeko Uingereza, ujue sheria ya huko inaruhusu kutembea bila sababu maalumu na kisu cha kukunja chenye makali yasiyozidi inchi 3, yaani sentimita 7.62, kisicho na kufuli. Opinel namba 8 inakosa masharti yote mawili. Victorinox ya milimita 91 inapita, lakini ile kubwa ya milimita 111 yenye kufuli haipiti, hata kama muuzaji ameziweka kwenye kabati moja.