JE, UNGEPENDA KUISHI MILELE HIVYO ULIVYO?



Najua picha za wanyonya damu unazijua. Umekaa mbele ya video hadi usiku wa manane, halafu kwenda chooni peke yako huwezi! Sikuja kukugombeza. Babu zetu nao walitishana kwa habari za mumiani, na televisheni hawakuwa nayo.

Hebu tuulizane jambo. Mwaka 1972 mama mmoja Mmarekani, Anne Rice, alifiwa na binti yake wa miaka mitano kwa saratani ya damu. Baadaye akaandika kitabu, Interview with the Vampire, kilichotoka 1976 na kufanywa sinema 1994. Ndani ya kitabu yumo Claudia, mtoto wa miaka mitano anayekaribia kufa. Wanamgeuza mnyonya damu, naye hafi. Umeona mama anavyolia? Lakini miaka inapita, makumi ya miaka, akili ya Claudia inakuwa ya mwanamke mzima, mwili umebaki wa mtoto. Anaishia kuwachukia waliomwokoa na kifo.

Kumbe kutokufa kwaweza kuwa jela! Biblia inasema Adamu alipokosa, Mungu aliifunga njia ya mti wa uzima (Mwa. 3:22-24). Wengine husema Mungu alifanya choyo. Mimi naona huruma. Hiyo hasira uliyo nayo juu ya baba yako, ungependa kuibeba miaka elfu? Na ule uongo unaouficha?

Tena kuna Angel, wa mchezo wa Buffy ulioanza 1997. Ameua watu wengi bila kujali. Siku moja anarudishiwa nafsi yake, na anarudishiwa kama laana! Maana sasa anawakumbuka wote aliowaua. Anaanza kuokoa watu, leo huyu, kesho yule, na bado halali. Swali ni hili: mema mangapi yanafuta damu ya mtu mmoja? Piga hesabu mwenyewe, bwana, haifiki.

Mnyonya damu anaishi kwa kuchukua damu ya wengine. Yesu alifanya kinyume: alitoa yake ili wewe uishi, na damu hiyo inasafisha hata dhamiri (Ebr. 9:14). Hasemi akuache hivyo ulivyo milele. Anakuumba upya kwanza (2 Kor. 5:17).

Katika Dracula ya Bram Stoker, ya 1897, yule mwovu haingii nyumba ya mtu mpaka akaribishwe mara ya kwanza. Baada ya hapo anaingia apendavyo. Yesu naye yuko mlangoni anabisha (Ufu. 3:20). Kwa hiyo mlango ni wako. Nani umekwisha kumfungulia?

Ukitaka kumfungulia Yesu, mwambie sasa hivi, kwa maneno yako mwenyewe, hata ya mtaani anayasikia. Kisha mtafute aliyekupa karatasi hii. Tutakuwa pale mbele ya jukwaa mpaka taa zizimwe.