SOMO KWA VYAMA VYA MSINGI: UGONJWA HAUNGOJI MAVUNO

Shabaha ya somo hili ni kuwawezesha wanachama, wajumbe wa Bodi na watendaji wa vyama vya msingi kufahamu mambo matatu: fedha za tiba hutoka wapi, kwa nini mkulima aghalabu hulipa zaidi ya kile kilichoandikwa kwenye risiti ya hospitali, na jinsi chama kinavyoweza kuwasaidia wanachama wake kulipa mapema na kwa nafuu. Hesabu zilizomo zimetungwa kwa ajili ya mafunzo tu. Kila chama kinashauriwa kuzirudia kwa kutumia tarakimu zake chenyewe.

1. Gharama halisi ya ugonjwa

Mwanachama anapomrudisha mgonjwa nyumbani kutoka hospitali, hutazama risiti na kusema kwamba ametumia, tuseme, shilingi 60,000. Hesabu hiyo ni pungufu. Risiti huonyesha fedha iliyolipwa. Haionyeshi jinsi fedha hiyo ilivyopatikana.

Chukua mfano wa mkulima wa kahawa katika Mkoa wa Kagera. Mkewe amelazwa mwezi Februari. Fedha za msimu uliopita zimekwisha kwa mahitaji ya shule na vibarua wa palizi, na kahawa ya msimu ujao ingali mbichi mtini. Hospitali inadai shilingi 60,000. Mkulima anamwendea mlanguzi na kumwuzia kahawa ambayo haijavunwa. Biashara hii ndiyo iitwayo butura. Imepigwa marufuku, lakini haijafa, kwa sababu taabu inayoizaa haijafa.

Mlanguzi anatoa shilingi 1,000 kwa kilo moja ya maganda. Ili kupata shilingi 60,000, mkulima anaahidi kilo 60. Msimu unapofika, chama kinalipa shilingi 2,500 kwa kilo. Kilo zile 60 zingempatia shilingi 150,000. Kwa hiyo tiba ile haikumgharimu shilingi 60,000, bali shilingi 150,000. Tofauti ya shilingi 90,000 haikupokewa na daktari, wala haikununua dawa hata kidonge kimoja. Ilikwenda kwa mlanguzi.

Chama nacho kimekosa kilo 60, pamoja na ushuru wake. Wanachama ishirini wakifanya vivyo hivyo, zimepotea kilo 1,200, na gharama za ghala, mlinzi na karani zinabebwa na kilo chache zaidi zilizobaki. Hapo ndipo inapodhihirika kwamba ugonjwa wa mwanachama si jambo la nyumba yake peke yake.

2. Njia tatu za kulipia tiba

Popote duniani fedha za tiba hutoka kwa wananchi wenyewe. Hitilafu iko katika njia na wakati wa kuzitoa.

Njia ya kwanza ni kodi. Serikali hukusanya kodi, hulipa waganga na wauguzi, hununua dawa na kujenga vituo. Mwezi Aprili 2001, wakuu wa nchi za Afrika waliokutana Abuja, Nigeria, waliahidi kutenga angalau asilimia 15 ya bajeti za nchi zao kwa ajili ya afya. Ubaya wa njia hii ni kwamba Hazina ikiishiwa, zahanati nayo huishiwa.

Njia ya pili ni malipo ya papo kwa papo. Mgonjwa hulipa dirishani siku ileile anayougua. Njia hii humtoza mtu wakati ambapo hawezi kufanya kazi, na humkuta mkulima katika mwezi ambao hana kitu. Ndiyo mama wa butura.

Njia ya tatu ni michango ya kabla. Watu wengi huchanga kidogo kidogo wakiwa wazima, na wachache watakaougua hutibiwa kwa fungu hilo. Hii ndiyo bima.

3. Njia hizo katika historia ya Tanzania

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, Tanzania ilichagua njia ya kwanza. Zahanati na vituo vya afya vilijengwa vijijini, na tiba ilitolewa bila malipo katika vituo vya Serikali. Mwaka 1977 sheria ilizuia hospitali za watu binafsi zinazotafuta faida. Matunda yalionekana, lakini mzigo wote ulikuwa juu ya Hazina. Halafu vikaja vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, bei ya mafuta ikapanda, na mapato ya mazao ya nje yakapungua. Katika miaka ya 1980 zahanati nyingi zilikuwa na mganga lakini hazina dawa. Tiba ilikuwa ya bure, ila haikuwapo.

Mwaka 1991 sheria ilibadilishwa na hospitali za watu binafsi zikaruhusiwa tena. Mwaka 1993 ulianza utaratibu wa kuchangia gharama katika hospitali za Serikali. Watoto wa chini ya miaka mitano na wajawazito walisamehewa, na Sera ya Afya ya mwaka 2007 ikataja pia wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo. Waliobaki waliingia katika njia ya pili.

Mwaka 1996 Mfuko wa Afya ya Jamii ulianza kwa majaribio katika Wilaya ya Igunga, Mkoa wa Tabora, na mwaka 2001 Bunge likautungia sheria. Kaya ililipa mara moja kwa mwaka kiasi kilichowekwa na Halmashauri yake. Serikali iliongeza kiasi kilekile kilichochangwa na wananchi, utaratibu uliojulikana kwa jina la "tele kwa tele". Kijiji kilichochanga shilingi milioni moja kiliuletea mfuko milioni mbili. Mwaka 2018 mfuko huo uliboreshwa, na mchango katika mikoa mingi ukawekwa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu wasiozidi sita.

Mtumishi wa Serikali alipewa utaratibu wake mapema. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya uliundwa kwa sheria ya mwaka 1999 na kuanza kazi mwaka 2001. Mchango wake uliwekwa kuwa asilimia 6 ya mshahara, nusu ikitolewa na mtumishi na nusu na mwajiri. Mfuko huo baadaye ulianzisha pia mpango wa Ushirika Afya kwa wakulima walio katika vyama vya ushirika. Mwezi Novemba 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote.

Yafaa izingatiwe kwa nini mtumishi alifanikiwa kuchanga. Si kwamba ana busara kuliko mkulima. Mchango wake hukatwa kabla mshahara haujafika mkononi. Mkulima hana dirisha la mshahara, lakini anayo mizani ya chama.

4. Hesabu ya mfuko

Chukua chama chenye kaya 200. Kila kaya inachanga shilingi 30,000 kwa mwaka. Jumla ni shilingi 6,000,000.

Katika mwaka huo kaya 120 zinapata maradhi madogo, kila moja ikigharimu wastani wa shilingi 25,000. Hizo ni shilingi 3,000,000. Kaya 10 zinapatwa na maradhi makubwa ya kulazwa, kila moja shilingi 200,000. Hizo ni shilingi 2,000,000. Kaya 70 hazikuugua kabisa. Matumizi yote ni shilingi 5,000,000, na akiba iliyobaki ni shilingi 1,000,000.

Kama mfuko usingekuwapo, zile kaya 10 zingeuza ng'ombe au kahawa mbichi. Na ikumbukwe kuwa mwanzoni mwa mwaka hakuna aliyejua kaya hizo zitakuwa zipi. Mwenye kaya ambayo haikuugua hajapoteza shilingi 30,000 zake. Amenunua usalama wa mwaka mzima. Tena yule mkulima wa mfano wa kwanza, kwa hasara yake ya shilingi 90,000 peke yake, angeweza kuilipia kaya yake miaka mitatu.

5. Maadui wawili wa mfuko

Adui wa kwanza ni tabia ya kungoja kuugua. Tuseme wenye afya wote wamekaa pembeni, na kati ya kaya 200 zimejiunga 60 tu: zile 10 zenye maradhi makubwa na 50 zenye maradhi madogo. Makusanyo ni shilingi 1,800,000. Matumizi ni shilingi 2,000,000 na shilingi 1,250,000, jumla shilingi 3,250,000. Mfuko umepungukiwa shilingi 1,450,000. Viongozi wakipandisha mchango ili kuziba pengo, wenye afya hukimbia zaidi. Mfuko haufi kwa sababu wagonjwa ni wengi, bali kwa sababu wazima hawamo.

Adui wa pili ni zahanati isiyo na dawa. Mwanachama aliyelipa mwezi Agosti, akaandikiwa dawa mwezi Januari na kuambiwa akanunue dukani, hatalipa tena, na atawaambia jirani zake. Lawama yake ni ya haki. Dawa ya jambo hili ni usimamizi. Tangu mwaka wa fedha 2017/2018, fedha za vituo zimekuwa zikipelekwa moja kwa moja katika akaunti ya zahanati na kituo cha afya. Kila kituo hupaswa kuwa na Kamati ya Usimamizi yenye wajumbe wa kutoka kwa wananchi. Chama cha ushirika kina watu waliozoea kusoma leja na kuhesabu ghala. Watu hao wakiwamo katika kamati hiyo, mapato ya kituo yatalinganishwa na dawa zilizonunuliwa.

6. Wajibu wa chama

Kwanza, jambo hili lifikishwe katika Mkutano Mkuu kabla ya msimu kufunguliwa. Wanachama waelezwe kiwango cha mchango kinachotumika katika Halmashauri yao kwa wakati huo, huduma zinazotolewa na zile zisizotolewa.

Pili, makato yafanywe kwa ridhaa. Kila mwanachama atie sahihi au dole gumba katika fomu, na karani aonyeshe makato hayo waziwazi katika stakabadhi ya malipo.

Tatu, iwekwe leja ya peke yake. Fedha ya tiba si fedha ya chama. Isinunue magunia, isilipe posho, wala isikopeshwe hata kwa siku tatu. Ipelekwe kwa Mfuko upesi, na risiti ibandikwe ubaoni pamoja na majina ya kaya zilizolipiwa. Chama kilichokata fedha ya mgonjwa na kuchelewa kuiwasilisha kimefanya kosa kubwa kuliko mlanguzi, kwa maana mlanguzi hakuaminiwa.

Nne, kaya maskini zisisahauliwe. Mkutano Mkuu unaweza kutenga sehemu ya ziada ili kuwalipia wajane, wazee na yatima wasio na mazao ya kukatwa.

Tano, kinga iende pamoja na tiba. Chandarua, choo na maji yaliyochemshwa hupunguza matumizi ya mfuko kuliko hotuba yoyote.

Maswali ya kujadiliwa katika vikundi

(a) Katika msimu uliopita, ni wanachama wangapi waliouza mazao kabla ya mavuno kwa sababu ya ugonjwa? Piga hesabu ya hasara yao na ya chama.

(b) Chama chenye kaya 150 kinachanga shilingi 30,000 kwa kila kaya. Matumizi ya mwaka ni shilingi 3,900,000. Je, mfuko una akiba au upungufu? Kaya 50 zisizougua zikijitoa, hali itakuwaje?

(c) Ni nani anayewawakilisha wakulima katika Kamati ya Usimamizi wa zahanati yenu, na mara ya mwisho alitoa taarifa lini?

Wahenga walisema akiba haiozi. Majibu ya maswali haya yaandikwe katika kumbukumbu za kikao na yasomwe kwenye Mkutano Mkuu, ili uamuzi ufanyike kahawa ikiwa bado mtini na mizani haijatolewa ghalani.